Papusza na Watu Wake: Waroma wa Ulaya kati ya Mila na Jamii Pana

Mwezi Februari mwaka 1987, katika mji wa Inowrocław nchini Poland, alifariki bibi mmoja aliyeitwa Bronisława Wajs. Watu wake walimjua kwa jina la Papusza, maana yake mwanasesere. Alikuwa mshairi, mmoja wa Waroma wa kwanza ambao mashairi yao yaliandikwa na kuchapishwa. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kifo chake aliishi kama mtu asiye na ukoo. Wazee wa jamii yake walikuwa wamemtangaza kuwa najisi. Hakuwa ameiba wala kuua. Kosa lake ni kwamba nyimbo zake, pamoja na maneno na desturi za watu wake, zilifika mikononi mwa watu wa nje kupitia mtu aliyemwamini.

Nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza niliwakasirikia wale wazee. Nilidhani nimepata mfano mzuri wa mila inayomkandamiza mwenye kipaji, na nilitaka kuandika insha nzima juu ya jambo hilo. Kadiri nilivyorudi nyuma katika historia ya Waroma, ndivyo hasira yangu ilivyokosa mtu mmoja wa kumwangukia. Nitajaribu kuonyesha hapa kwamba Waroma hawakuwahi kuishi bila kuchangamana na majirani zao, na kwamba woga uliomhukumu Papusza walifundishwa na serikali za Ulaya kwa muda mrefu sana.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Waroma si Warumi wa kale, wala si raia wote wa Romania, ingawa Waroma wengi wanaishi huko. Katika lugha yao, Kiromani, neno "rom" maana yake ni mwanamume au mume. Waingereza waliwaita kwa jina linalotokana na Misri, kwa sababu Wazungu wa zamani waliamini kwamba watu hawa wametoka Misri. Imani hiyo haikuwa na msingi. Katika miaka ya 1780 wataalamu wa Kijerumani, akiwemo Rüdiger, walilinganisha Kiromani na lugha za India ya kaskazini wakaona ni ndugu. Maji kwa Kiromani ni "pani", na kwa Kihindi ni "pani". Pua ni "nak" huku na huku.

Jambo lililonivutia zaidi katika lugha hii ni hesabu. Moja hadi sita ni maneno ya Kihindi: jekh, duj, trin, štar, pandž, šov. Lakini saba, nane na tisa ni efta, oxto, enja, na hayo ni maneno ya Kigiriki. Kumi, deš, tunarudi tena India. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa, kwa sababu na sisi tunahesabu moja hadi tano kibantu, kisha tunasema sita na saba kwa maneno ya Kiarabu, tunarudi nyumbani kwenye nane, na tunakwenda tena Uarabuni kwenye tisa. Hesabu za namna hii haziazimwi na watu waliokaa kando. Zinaazimwa sokoni, katika kuuza na kununua, tena kwa muda wa vizazi. Kabla ya kuingia Ulaya ya kati, Waroma walikaa karne kadhaa katika dola ya Bizanti, na lugha yao inathibitisha kwamba walikaa na watu. Hata neno lao la barabara, "drom", ni la Kigiriki. Wanaosema Mroma amezaliwa kuwa msafiri wakumbuke kwamba neno la safari yake alilipata kwa jirani.

Majina ya koo zao yanaeleza hayohayo. Wakalderash ni wafua shaba, na jina lao linatokana na neno la Kiromania la sufuria. Walovari walikuwa wauza farasi. Farasi kwa Kihungaria ni "ló". Waursari walichezesha dubu, na dubu kwa Kiromania ni "urs". Yaani hata jina ambalo Mroma anajivunia kama la ukoo wake, mara nyingi ni jina ambalo mteja alimpa kutokana na kazi aliyomfanyia. Mkulima wa Hungaria alihitaji mtu wa kuziba sufuria yake na kumpigia fidla katika harusi ya binti yake. Mroma alihitaji unga na mahali pa kufunga farasi. Kila mmoja alijua mpaka wake.

Upande wa Waroma, mpaka huo ulilindwa na sheria za usafi. Katika jamii nyingi za Kiroma, nguo za sehemu ya juu ya mwili hazifuliwi katika beseni moja na nguo za sehemu ya chini. Kuna vitu, vyakula na matendo yanayomfanya mtu awe najisi, na mtu najisi hali pamoja na wenzake mpaka asafishwe. Katika baadhi ya koo, kesi kama hizi husikilizwa na baraza la wazee linaloitwa "kris". Mtu asiye Mroma huitwa "gaje", na kwa kuwa gaje hazijui sheria hizi, hawezi kuaminiwa kuwa ni safi. Nimeona waandishi wengine wakilitaja jambo hili kama ubaguzi wa Waroma dhidi ya wengine. Labda ni kweli kiasi fulani. Lakini watu wasio na ardhi, jeshi wala ngome walihitaji ukuta wa aina fulani, na ukuta huu waliweza kuubeba kwenye mkokoteni.

Tunasahau pia kwamba mwanzoni walipokelewa. Mwaka 1423 Mfalme Sigismund wa Hungaria alimpa kiongozi wao mmoja, Ladislaus, barua ya ulinzi. Barua hiyo iliamuru kwamba watu wake wasisumbuliwe njiani, na kwamba ugomvi ukitokea kati yao wenyewe, Ladislaus ndiye ahukumu. Kwa maneno mengine, serikali ilitambua baraza lao. Heshima hiyo haikudumu. Kabla karne ile haijaisha, mwaka 1499, watawala wa Hispania waliwaamuru Waroma watafute makao na mabwana wa kuwatumikia au waondoke nchini. Uingereza ilitoa amri yake ya kuwafukuza mwaka 1530. Mwezi Julai mwaka 1749 Hispania ilifanya msako wa nchi nzima na kukamata maelfu ya Waroma kwa mpigo, wanaume wakipelekwa kwenye kazi za kulazimishwa, wanawake na watoto mahali pengine. Cha ajabu ni kwamba waliokamatwa kwa urahisi walikuwa wale waliokwisha tulia, wenye nyumba na anwani. Aliyetii amri ya kukaa ndiye aliyepatikana nyumbani.

Katika Wallachia na Moldavia, nchi ambazo baadaye ziliungana kuwa Romania, hali ilikuwa nyingine kabisa: Waroma walikuwa watumwa. Hati ya mwaka 1385 inataja familia arobaini za Waroma zilizotolewa kama mali kwa nyumba ya watawa. Kwa karne tano waligawanywa katika makundi matatu, yaani watumwa wa mtawala, wa kanisa na wa makabaila. Waliuzwa, walirithishwa, walitolewa kama mahari. Mwanahistoria na mwanasiasa Mihail Kogălniceanu aliandika juu yao mwaka 1837, na mwaka 1853 riwaya ya Harriet Beecher Stowe juu ya watumwa weusi wa Marekani ilitafsiriwa katika mji wa Iași, ambako wasomaji wake wengi walikuwa na watumwa jikoni. Moldavia ilimaliza utumwa wa watu binafsi mwaka 1855 na Wallachia mwaka 1856, miaka 17 tu kabla ya soko la watumwa la Unguja kufungwa. Fidia ililipwa kwa mabwana. Walioachwa huru hawakupewa fidia. Wengi wa Wakalderash wanaoonekana leo kuanzia Urusi hadi Marekani ni wajukuu wa watu waliotawanyika katika miaka ile, wakiwa na nyundo zao na mabamba ya shaba. Mtu akiwauliza kwa nini hawakukaa, inafaa kwanza aulize walikuwa na ardhi gani ya kukaa.

Nimeeleza kwa haraka habari za kufukuzwa na za utumwa kwa sababu nataka kukaa zaidi kwenye jambo la tatu, ambalo lilifanywa kwa nia iliyoitwa njema. Malkia Maria Theresa wa Austria na Hungaria aliona kwamba kufukuza hakufai kitu. Akaamua kuwageuza. Kati ya mwaka 1758 na 1773 alitoa amri mfululizo: Waroma wasimiliki farasi wala mikokoteni, wasiondoke vijijini bila ruhusa, wasihukumiwe tena na viongozi wao. Jina lao likafutwa, wakaitwa Wahungaria Wapya. Mwaka 1773 ndoa kati ya Mroma na Mroma zikawekewa vikwazo, na watoto wenye umri wa zaidi ya miaka mitano wakaamriwa waondolewe kwa wazazi na kulelewa na wakulima wa Kikristo. Mwanawe, Mfalme Joseph wa Pili, aliendeleza kazi hiyo mwaka 1783. Aliyekutwa akizungumza Kiromani alistahili viboko ishirini na vinne.

Niliposoma habari ya viboko hivi nilicheka kidogo, na si kwa furaha. Katika shule ya msingi niliyosoma hapa Uganda, mwanafunzi aliyekamatwa akizungumza lugha ya nyumbani alivikwa kipande cha ubao shingoni mpaka amkamate mwenzake akifanya kosa lilelile. Mimi niliuvaa ubao huo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Sikuiacha lugha ya mama yangu. Nilijifunza kuisema kwa sauti ya chini, na kumwangalia kwanza mtu niliye naye. Nadhani hilo ndilo lililotokea Hungaria. Watoto wengi waliochukuliwa walitoroka na kurudi kwa wazazi wao, na wazazi nao walijifunza kwamba afisa anayekuja kuuliza idadi ya watoto nyumbani si mtu wa kujibiwa kwa ukweli.

Wakati huohuo, katika nchi hiyohiyo, palikuwa na aina nyingine ya kuchangamana ambayo haikuhitaji amri. Czinka Panna, mwanamke wa Kiroma aliyefariki mwaka 1772, aliongoza bendi ya fidla iliyojulikana sana Hungaria. János Bihari aliyemfuata alipigia muziki watu wakubwa wa dola. Walicheza muziki ambao Wahungaria waliutambua kuwa ni wao, lakini kwa mtindo ambao ni Waroma waliojua kuupiga. Ilifika mahali Franz Liszt akaandika kitabu mwaka 1859 akidai kwamba muziki huo asili yake ni Waroma, na Wahungaria wengi wakakasirika. Wataalamu wa baadaye waliona kwamba Liszt alizidisha. Mimi naona ugomvi wenyewe ndio ushahidi mzuri: watu wawili wakigombania wimbo, ni kwa sababu wote wawili wanaujua.

Sasa tunafika karne ya 20 na Ujerumani. Waroma wa huko wanaitwa Wasinti, na wengi walikuwa wamekaa Ujerumani kwa karne tano. Wengine walikuwa mafundi na wafanyabiashara, na wengine walipigana katika jeshi la Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Kuanzia mwaka 1936 serikali ya Hitler ilimweka daktari Robert Ritter kuongoza kituo cha utafiti wa damu yao. Msaidizi wake aliitwa Eva Justin. Huyu alijua Kiromani. Aliingia katika kambi na nyumba zao akazungumza nao kwa lugha yao, wakampa jina la utani, wakamtajia babu na bibi, shangazi na wajomba. Majina hayo yakaingia katika kadi, na kadi hizo ndizo zilizotumiwa kuchagua nani apelekwe Auschwitz.

Kwa ajili ya shahada yake ya udaktari, Justin aliwachunguza watoto wa Kisinti waliolelewa mbali na familia zao. Wengi wao walikuwa katika nyumba ya watoto ya Kikatoliki ya Mulfingen. Walikuwa wamelelewa kama Wajerumani, yaani walikuwa vile ambavyo Maria Theresa angependa. Utafiti ulipokwisha, mwezi Mei mwaka 1944, watoto 39 walichukuliwa kutoka nyumba hiyo na kupelekwa Auschwitz. Ni wanne tu waliorudi. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944 kambi ya Waroma ya Auschwitz-Birkenau ilifungwa kwa kuwaua waliobaki, zaidi ya watu 4,000, wengi wakiwa wazee, wanawake na watoto. Makadirio ya Waroma na Wasinti waliouawa Ulaya nzima ni kati ya 200,000 na 500,000. Ujerumani Magharibi ilisubiri mpaka mwaka 1982 kukiri rasmi kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari.

Tukiwa na hayo mkononi, turudi kwa Papusza.

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika familia ya wapiga vinubi waliosafiri na mizigo yao kutoka mji hadi mji. Wasichana wa ukoo wake hawakusoma. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alijifunza herufi kwa kuwabembeleza watoto wa shule, kisha kwa muuza duka mmoja Myahudi aliyemlipa kwa kuku, na kuku hao hawakuwa wake. Aliolewa akiwa msichana mdogo na mpiga kinubi aliyemzidi umri sana, Dionizy Wajs. Wakati wa vita walijificha katika misitu ya Volhynia, na aliyoyaona humo aliyatungia wimbo mrefu juu ya machozi ya damu.

Mwaka 1949 kijana mshairi wa Kipoland, Jerzy Ficowski, aliyekuwa akiikwepa polisi ya siasa, alijiunga na msafara wao. Alimsikia Papusza akiimba, akamwomba aandike, akatafsiri. Kwa msaada wa mshairi mashuhuri Julian Tuwim, mashairi yakatokea katika jarida mwaka 1950. Sina shaka kwamba Ficowski aliyapenda mashairi yale kwa moyo wake wote. Lakini pamoja nayo palikuwa na mazungumzo yaliyounga mkono mpango wa serikali ya kikomunisti wa kuwakalisha Waroma mahali pamoja. Mwanamke aliyeimba juu ya uzuri wa msitu na barabara akatumiwa kuitangaza sera ya kuifunga barabara. Mwaka 1953 Ficowski akatoa kitabu juu ya Waroma wa Poland, chenye desturi zao na orodha ya maneno yao. Papusza alikuwa amesihi kisitolewe. Kilikwisha chelewa.

Wazee walikaa wakamhukumu. Ebu tujiulize walichokiona. Miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu kambi ya Birkenau ifungwe. Gaje mwingine mpole, anayejua Kiromani, alikuwa ameketi kwenye moto wao, ameuliza maneno, ameandika. Na serikali, kwa mara nyingine, ilikuwa inawahesabu. Wazee wale hawakuhitaji kusoma kitabu ili wajue kitabu cha namna hiyo kinaweza kutumiwa kwa kazi gani.

Siwatetei. Papusza hakuwa Eva Justin, na adhabu yake ilizidi kosa lolote. Inasimuliwa kwamba alichoma karatasi zake nyingi. Alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa miezi minane, kisha akaishi kimya katika mji wa Gorzów, akiandika kidogo sana. Mwaka 1964 serikali ilizuia misafara kwa nguvu, na watu wale waliomfukuza wakaingizwa katika nyumba kama yeye. Ninachosema ni kwamba wazee walipiga risasi iliyokuwa imejazwa na wengine, na ikampata mtu wao aliye bora kuliko wote.

Leo Waroma wa Ulaya wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 10 na 12. Tarehe 8 Aprili 1971 wajumbe wao walikutana karibu na London, wakachagua jina la Roma badala ya majina ya dharau, wakakubaliana juu ya bendera ya buluu na kijani yenye gurudumu jekundu. Katika mji wa Skopje, Makedonia Kaskazini, kuna manispaa ya Šuto Orizari. Mtaa huo ulikua baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1963 kubomoa nyumba za Waroma waliokuwa wakiishi mjini. Tangu mwaka 1996 una halmashauri yake, meya ni Mroma, na Kiromani ni lugha rasmi pamoja na Kimakedonia. Mtaa ni maskini, na sitaki kuupaka rangi. Lakini huko mtu anaweza kuingia ofisi ya serikali akasema efta, oxto, enja bila kuangalia nyuma.

Ostrava, Jamhuri ya Cheki, hali haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1990 watoto wengi wa Kiroma walipimwa kwa mtihani wa Kicheki na kupelekwa katika shule maalumu za watoto wenye ulemavu wa akili. Takwimu zilizopelekwa mahakamani zilionyesha kwamba katika mji huo mtoto wa Kiroma alikuwa na uwezekano mara 27 zaidi ya mtoto mwingine wa kuwekwa katika shule hizo. Wazazi walikuwa wametia saini fomu za kukubali. Serikali ilizitegemea sana saini hizo. Watoto kumi na wanane walishtaki. Hawakuomba shule ya Kiromani wala mwalimu wa mila. Walitaka kukaa katika darasa la kawaida na watoto wa Kicheki, jambo lilelile ambalo wafalme wa Ulaya walidai kwa karne tatu kwamba Waroma wanalikataa.

Mahakama za nchi yao ziliwakatalia. Mwaka 2006 jopo la kwanza la Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu nalo likawakatalia. Tarehe 13 Novemba 2007 Jopo Kuu la mahakama hiyo, huko Strasbourg, lilitengua uamuzi huo na kusema kwamba walibaguliwa, na kwamba saini ya mzazi haiwezi kumwondolea mtoto haki ya kutobaguliwa. Kila mmoja alipewa euro 4,000. Walikuwa wamezaliwa kati ya mwaka 1985 na 1991, na siku ya hukumu wote walikuwa wamekwisha pita umri wa darasa walilokuwa wakiligombania.